Yule Ticha wa Vizibo Niliyewaletea: Leo Naomba Mnisikilize Tena



Najua Jumapili mmezoea nawaletea nani kaachana na nani, au staa gani kaonekana Msamvu anapanda basi la kawaida wakati Instagram anajiita bosi. Jina kapuni, kama kawaida yetu. Leo sina udaku. Leo nina deni, na hilo deni lina mkono wenu pia, maana nusu yenu mlicheka pamoja na mimi.

Mnaikumbuka ile video ya ticha wa vizibo?

Kama hukuwepo, ilikuwa hivi. Mwaka jana mwezi wa kumi, Jumamosi usiku, nimekaa na washkaji kwenye baa moja kando ya barabara ya Dodoma, huku kwetu Kihonda. Nikaona mama mmoja kajifunga kitenge, kachuchumaa chini ya meza ya jirani, anaokota vizibo. Sio kimoja, sio viwili. Anaokota, anafuta kwa kidole, anatia kwenye mfuko. Akimaliza meza hii anahamia ile. Hanywi, hajaagiza hata maji. Mshkaji wangu akaninong'oneza, "Huyo si ticha wa darasa la kwanza pale shuleni?" Mimi mkono ulishafika kwenye simu zamani.

Sekunde 37. Nikampiga kwa nyuma, sura haionekani vizuri, nikajiona nina busara kweli. Nikaandika: "Ticha wa Kihonda aonekana baa akiokota vizibo, mshahara umekata au kuna promosheni hatuijui?" Nikaposti, nikalala.

Asubuhi naamka, watu 38,000 wameangalia. Sijawahi kupata namba kama ile tangu nianze hii blogu na simu yenye kioo kilichopasuka. Na komenti zenu sasa! "Anatafuta kizibo chenye pikipiki." "Walimu wetu hao." Mmoja akaandika, "Halafu tunashangaa watoto hawajui kusoma." Ile nikaipa laiki mwenyewe.

Jumatatu jioni ndio mambo yakaanza kuharibika.

Mimi nakaa kwa dada yangu, Kihonda Maghorofani. Dada ndiye anayenilisha, niseme ukweli, blogu bado haijalipa kodi. Ana mtoto wa kiume, wakati ule yupo darasa la kwanza, hapa nitamwita Dogo. Dogo alikuwa na shida moja kwenye hesabu. Ukimwambia aandike kumi na nne, anaandika 104. Na ukimkatalia anakushangaa. Kumi si ni 10? Na nne si ni 4? Kaandika 10 na 4, kama ulivyomwambia. Ishirini na tatu anaandika 203. Dada alikuwa anamfokea, mimi nilikuwa nacheka. Mnaona mimi kazi yangu ni kucheka tu.

Ila mwezi wa tisa Dogo alianza kubadilika. Alikuja nyumbani na kamba yenye vizibo kumi vilivyotobolewa, kaning'iniza shingoni kama medali. Akaniambia, "Anko, hii ni kumi. Sio vizibo kumi, hii ni kumi moja." Sikumuelewa, nikamwambia vua uchafu huo.

Sasa Jumatatu hiyo Dogo karudi kanuna. Dada anamuuliza, vipi mwanangu? Akasema, "Madam kasema hatuhesabu tena na vizibo. Kavifungia kwenye ndoo."

Dada akaniangalia. Ile video alishaiona Jumapili kwenye grupu la wazazi la WhatsApp, ila hakujua imetoka kwangu. Akaiweka simu mezani, akaongeza sauti. Mle ndani kuna mtu anacheka karibu na kamera. Hahaha ile ndefu, mnaijua.

"Hiyo ni sauti ya nani?"

Wadau, sikuwa na la kujibu.

Dada hakunipiga wala hakunifukuza. Alisema neno moja tu: "Kesho unaenda kumchukua Dogo shule wewe." Nikaelewa sio kumchukua Dogo.

Nikaenda. Shule yenyewe siitaji, ni ya serikali, ipo hapa hapa Kihonda, ukisimama uwanjani unauona mlima Uluguru wote mbele yako. Nilikuwa sijaingia darasa la kwanza tangu nitoke la kwangu. Nikachungulia dirishani, nikaanza kuhesabu vichwa. Niliishia 112. Mwalimu mmoja. Madawati yamejaa, wengine wamekaa kwenye mkeka mbele. Na pale ukutani sasa, hakuna sehemu tupu. Mifuko ya salfeti imechanwa, imefuliwa, imeandikwa kwa maka peni: a e i o u, ba be bi bo bu, picha ya kuku, picha ya bajaji. Kuna kona ina makopo, magunzi, maboksi ya sabuni. Na kwenye msumari wa dirisha zimening'inia kamba za vizibo, kumi kumi, hazijaguswa.

Watoto walipotoka nikaingia. Nikasema, "Shikamoo madam." Akasema, "Marahaba, karibu." Nikajikakamua nikamwambia, "Madam, mimi ni anko wake Dogo, na mimi ndiye niliyeposti ile video."

Akasema, "Najua. Umesema shikamoo nikaijua sauti."

Halafu akaendelea kupanga madaftari. Nikabaki nimesimama kama mwanafunzi aliyechelewa.

Baadaye akaniambia mambo matatu, nayaandika kama alivyosema kwa sababu kaniruhusu. La kwanza, mume wake aliiona video kabla yake, na swali la kwanza lilikuwa ulikuwa baa na nani. La pili, aliitwa ofisini kujieleza. La tatu, mzazi mmoja alikuja kumchukua mtoto wake akamwambia mtoto, mbele ya mwalimu, "usiguse vitu vya huyu."

"Hilo la tatu ndilo lililonifanya nivifungie," akasema. "Yale mengine ni ya watu wazima."

Nikamuuliza swali la kijinga, kwa nini baa lakini? Akacheka kidogo. "Mdogo wangu, soda siku hizi ni za plastiki. Vizibo vya bati utavipata wapi zaidi ya baa? Kwenye harusi nimeomba, kwenye misiba nimeomba. Watoto 112, wakikaa wawili wawili ni jozi 56. Kila jozi inataka vizibo 20. Hiyo ni 1,120. Siku unanipiga picha nilikuwa na 820. Nilibakiza 300."

Tena havianzi kutumika vikitoka baa. Anavichemsha na sabuni. Anapiga nyundo ile kingo yenye meno iwe bapa isimkate mtoto. Anabandika karatasi ya duara juu ya alama ya bia, kwa sababu darasani kuna watoto wa masheikh na watoto wa walokole, na yeye hataki ugomvi na mzazi yeyote. Na kila kipindi kikiisha vinahesabiwa kurudi, kwa sababu mtoto wa miaka sita anaweza kumeza kizibo hivi hivi unamwangalia.

Sasa ile kamba. Vizibo kumi kwenye kamba moja, halafu vinne vikiwa huru pembeni. Chini ya kamba unaandika 1. Chini ya vile huru unaandika 4. Mtoto anaona kwa macho yake kwamba 1 pale ni kamba moja, sio kizibo kimoja. Ndio kumi na nne. Hakuna sifuri ya kuweka katikati. Wadau, mimi nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu mnayajua, nilishayaposti mwenyewe mkanicheka. Makumi na mamoja nilikuwa nayakariri tu. Nimeyaelewa siku ile, nimesimama kwenye darasa la watoto wa miaka sita, nina ndevu.

Nikamuomba msamaha. Akasema, "Kusamehe tutaongea siku nyingine. Simu yako ina bando?"

Ndio nikaanza kazi hapo. Tangu Novemba mpaka sasa Nane Nane imepita, mimi ndiye kijana wake wa mtandao. Na hapa nataka niwape mnachoweza kutumia, hasa nyie mliosoma ualimu mpo mtaani mnasubiri ajira, na nyie wenye watoto wa awali mpaka darasa la pili.

Vya bure kwenye simu vipo vingi kuliko nilivyodhani. Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ina maktaba mtandao, vitabu vya kiada vipo humo unasoma bila kulipia kitabu. Huu mtaala mpya ulioanza Januari 2024 uliwakuta walimu wengi hawana vitabu mkononi, kwa hiyo simu ilisaidia. Kuna African Storybook, imeanzia Afrika Kusini, ina hadithi fupi fupi za picha kwa lugha nyingi za Afrika na Kiswahili kimo. Zile wameziachia kihalali kabisa, unaprinti, unatafsiri, unazibadilisha, hakuna wa kukushtaki. Kuna hawa wa kwetu wa Dar, Ubongo, waliotoa Ubongo Kids kwenye TV mwaka 2014, halafu wakaja na Akili and Me ya watoto wadogo. Yule Akili ana miaka minne na anakaa chini ya Mlima Kilimanjaro. Watoto wa madam wanabisha, wanasema mlima ule wa kwenye katuni ni Uluguru. Madam kasema waacheni. Halafu kuna zile apu mbili zilizoshinda tuzo kubwa ya dunia ya Global Learning XPRIZE mwaka 2019, onebillion na Kitkit School. Zilifanyiwa majaribio Tanga, vijijini, kwa Kiswahili, na masharti ya shindano yalikuwa programu zibaki wazi kwa watu wote.

Nilivyoyaona yote haya nikajiona shujaa. Nikamwambia madam, kumbe kila kitu bure! Akanijibu, "Haya, kiprinti."

Hapo ndio nikaacha ushujaa. Hadithi moja ina kurasa 12. Kopi moja stationari ni shilingi 100, hiyo ni 1,200 kwa kitabu kimoja cha rangi nyeusi. Watoto 112. Hata ukigawa kitabu kimoja kwa watoto wanne unataka vitabu 28, hiyo ni 33,600 kwa hadithi moja tu, na mtoto akishaisoma mara mbili anataka nyingine. Video nayo inakula bando, na darasani hakuna TV, kuna simu yangu yenye kioo kilichopasuka na watoto 112 wanaoitaka kuiona.

Mtasema, si kuna elimu bila malipo? Ipo. Kuanzia Januari 2016 michango ya lazima iliondolewa, na madarasa ya kwanza yakafurika nchi nzima, watoto ambao wangebaki nyumbani wakaandikishwa. Mimi hilo nalipigia makofi. Serikali inapeleka ruzuku shuleni, na hesabu inayojulikana kwa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, tena sehemu yake ni ya vitabu. Chukua 10,000 gawanya kwa siku kama 190 za shule. Ni kama shilingi 50 kwa siku kwa mtoto. Andazi huli kwa hiyo hela.

Hata vile vilivyoletwa bure kabisa vina stori yake. Morogoro ilikuwa kwenye mradi wa Tusome Pamoja, ule wa watu wa Marekani ulioanza 2016, na vitabu vya hadithi vya kuwasaidia watoto wa madarasa ya chini vililetwa. Kwenye shule moja, jina kapuni, nimeviona kwa macho yangu vipo kabatini, vipya, vimefungiwa kufuli. Nikauliza kwa nini. Nikajibiwa, "Visichanike." Madam alivyosikia alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema kitabu cha darasa la kwanza kisichochanika hakijasomwa.

Kwa hiyo yeye mwaka wake anaupanga kwa kuangalia msimu unamwaga nini barabarani, akiokote. Nimemfuata karibu mwaka mzima, nawapa kalenda yake.

Januari, kila duka na kila kanisa na msikiti unatupa kalenda ya mwaka uliopita. Yeye anazikusanya. Zile namba kubwa za 1 mpaka 31 anazikata, anabandika kwenye boksi, tayari ana kadi za namba. Upande wa nyuma mweupe anaandika majina ya watoto. Kitu cha kwanza mtoto anajifunza kusoma kwake ni jina lake mwenyewe.

Masika, Machi mpaka Mei, anakata chupa ya maji ya kunywa, anachora mistari, anaiweka uwanjani. Kila asubuhi mtoto mmoja anaenda kusoma mvua imefika mstari wa ngapi. Halafu kuna chati ya mlima. Ukiamka Kihonda unaangalia Uluguru, kama unaonekana wanachora mlima, kama umefunikwa na mawingu wanachora kofia. Mwisho wa mwezi wanahesabu kofia ngapi, milima mingapi. Bila hata shilingi moja, wameshaanza kutengeneza takwimu. Na udongo ukilowa wanafinyanga herufi. Dogo alifinyanga m, ikamkatikia mguu wa mwisho, akasema sasa imekuwa n. Sasa si ndio kusoma huko?

Juni na Julai mahindi yamevunwa, magunzi yanatupwa kila mahali. Kumi kwenye fungu moja, yanafungwa kwa kamba ya mgomba. Ile ile habari ya kamba ya vizibo. Na tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, anawasimulia kwa kifupi kwamba watoto wa Soweto mwaka 1976 waliandamana kwa ajili ya lugha ya kufundishiwa darasani. Anasema hata wa miaka sita wanaelewa ukiwaambia hivi: walikataa kufundishwa kwa lugha wasiyoitaka.

Agosti ndio sikukuu yake. Nane Nane Morogoro inaleta Kanda ya Mashariki yote, yaani Tanga, Pwani, Dar na sisi wenyewe. Watu wanaenda kula nyama choma na kupiga selfi na ng'ombe. Madam anaenda na begi tupu, anapita kila banda anaomba vipeperushi. Picha za rangi za ng'ombe, nyanya, trekta, samaki, mbegu. Mwaka huu tulienda wote, mabegi mawili. Tulirudi na picha za kutosha kutengeneza kadi za k ya kuku na t ya tikiti mpaka mwaka kesho. Tena bure kabisa, na karatasi zake ngumu.

Novemba embe zimeanza. Kokwa zinaoshwa, zinaanikwa, watoto wanapanga kubwa na ndogo, nyepesi na nzito. Vizibo vya plastiki vya maji, vile vipana, anaandika herufi juu yake, watoto wanaunganisha: e-m-be. Wakipatia, wanakula embe. Mimi nimefundishwa ba be bi bo bu kwa kuimba, nikaimba mpaka darasa la tatu bila kujua nasoma. Hakuna aliyenigundua kwa sababu sauti yangu ilikuwa kubwa. Yule madam angenigundua wiki ya kwanza.

Nimefanya hesabu yangu. Tangu Novemba nimetoa mfukoni shilingi 61,400, kopi na bando, na mimi ni mtu mmoja asiye na kazi, nina mwaka mmoja tu kwenye hii shughuli. Nilimuuliza madam yeye katoa shilingi ngapi miaka yote hii. Akasema hajawahi kuhesabu kwa sababu akihesabu ataacha. Ndio maana siku hizi nikisikia mtu anasema "zana za bure" namuuliza, bure kwa nani? Kuna mtu kalipa. Kalipa bando, kalipa nauli ya bajaji, kalipa usiku wake akipiga nyundo vizibo. Na safari ile mama wa watu alilipa kwa aibu, na mwenye kukusanya hiyo aibu nilikuwa mimi.

Video niliifuta. Najua haijafutika, mpaka leo inazunguka kwenye magrupu, majuzi mtu kanitumia mimi mwenyewe na emoji za kucheka. Nilimwambia madam nipige video nyingine, nzuri, watoto wanahesabu, itatrendi, watu watachangia. Akakataa. Akasema, "Hawa ni watoto wa watu. Ukitaka kusaidia lete vizibo."

Maandishi haya ameyakubali kwa masharti mawili: jina lisiwepo, na shule isiwepo. Kwa hiyo msinitafute DM kuuliza ni nani. Safari hii jina kapuni ni la kumlinda yeye, sio la kunilinda mimi.

Vile 300 vilivyobaki nilivikusanya mimi. Ile ile baa, Jumamosi ile ile ya usiku, nimechuchumaa chini ya meza za watu. Mhudumu alinionea huruma, siku hizi ananiwekea ndoo kaunta. Ila siku ya kwanza, nipo chini nafuta kizibo kwa kidole, nikasikia watu wanacheka, nageuka naona dogo mmoja kanielekezea simu. Nilitaka kusimama nimwambie kitu. Nikakosa cha kumwambia. Nikaendelea kuokota.

Vizibo vilitoka kwenye ndoo wiki ya pili ya Novemba. Madam hakuwatangazia watoto kitu, aliamka tu siku moja akazishusha zile kamba kwenye msumari. Yule mzazi aliyesema usiguse, mtoto wake aligusa. Hakuna kilichotokea.

Dogo sasa hivi yupo darasa la pili. Juzi nilikuwa naandika hii, kakaa pembeni yangu anachungulia kioo. Nikamwambia andika arobaini na moja. Kaangalia juu kidogo, vidole vinacheza kama anashika kamba. Kaandika 41. Nikamwambia andika mia moja na nne. Akaniangalia kwa mashaka, akaandika 104, akasema, "Anko, hiyo ndio ile nilikuwa naandika zamani."

Haya wadau, dondosheni komenti hapo chini, hata za kunitukana napokea, nimezipata kwa jasho. Ila mwenye baa, mwenye grosari, mwenye ukumbi wa harusi Kihonda, Mkundi, Mazimbu, popote ulipo Moro: weka ndoo kaunta, andika kwa maka peni VIZIBO VYA DARASA LA KWANZA. Kama jirani na wewe kuna shule, kuna ticha anavihitaji na anaona aibu kuingia. Mpelekee wewe.

Jumapili ijayo narudi na udaku wetu. Kuna staa mmoja kaonekana stesheni ya SGR amebeba begi sio lake.